Mlitufunza Kusema, Kisha Mkatufunga Mdomo

Fulana ile bado ninayo. Ilikuwa ya kijani, sasa imefifia mpaka huwezi kuitaja rangi. Mgongoni imeandikwa BALOZI WA AFYA kwa herufi kubwa, na kifuani kuna nembo tatu za watu waliolipia mafunzo. Mathe huitumia kupangusa sakafu. Kila nikiiona kwenye ndoo nakumbuka kwamba kuna wakati niliivaa nikiamini nimepewa kazi ya maana.

Ilikuwa 2018, niko Kidato cha Pili katika shule ya bweni ya wasichana huko Ukambani. Wageni walikuja na gari jeupe, wakaomba wasichana 30. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Mwalimu alisoma majina ya wale ambao hawana kesi na depyuti, tukaingia holini, tukakaa humo siku tatu. Tulifunzwa kunawa mikono. Tulifunzwa kwamba kikohozi kinachopita wiki mbili kipelekwe hospitali kupimwa kifua kikuu. Tulifunzwa dalili za hatari kwa mtoto mdogo, usafi wa hedhi, na ubaya wa mimba za mapema. Siku ya mwisho tukapewa cheti, soda na mandazi mawili, tukapigwa picha tumeinua vidole gumba. Tukaambiwa likizo ya Agosti twende tukaielimishe jamii.

Kabla mtu hajasema naponda mafunzo, wacha niseme kilichotokea Agosti hiyo.

Kwetu ni Kayole, ploti ya vyumba kumi na viwili na choo kimoja. Usiku wa saa nane jirani aligonga mlango. Mtoto wake wa miezi kumi alikuwa ameharisha tangu mchana, macho yameingia ndani, midomo imekauka, akilia machozi hayatoki. Mama mtu alikuwa ameacha kumpa maji, akiamini ndiyo yanamzidishia. Pesa ya teksi hakuna, na nje saa hiyo si pa kutembea na mtoto mgonjwa. Nikakumbuka lile darasa: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, visiwe na mlima. Tulimnywesha kijiko kwa kijiko mpaka adhana ya alfajiri, na kulipopambazuka tukampeleka kliniki. Nesi alimpima, akampa tembe za zinki, akatuambia tusiache kumnyonyesha wala kumpa yale maji. Mtoto huyo sasa yuko shule ya msingi na ananidai peremende kila akiniona.

Kwa hiyo najua mafunzo haya yanafanya kazi. Daktari halali kwenye ploti yetu. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita analala hapo, na anajua mlango wa kila mtu. Ukimfunza yeye, umeweka maarifa mahali ambapo ugonjwa unafikia kwanza. Sina ugomvi na hilo hata kidogo.

Ugomvi wangu ulianza tuliporudi shule.

Muhula wa tatu wasichana walianza kuendesha. Wawili, watano, kumi. Matroni akasema ni githeri haikuiva. Mimi na wenzangu wanne wa fulana za kijani tukafanya kile tulichofunzwa: tukachukua daftari, tukaandika nani ameugua, lini, analala bweni gani, anachota maji wapi. Kwa wiki mbili tulifikisha wasichana 41, na 33 kati yao walikuwa wa mabweni mawili yanayotumia tangi moja. Tukaenda kulitazama hilo tangi. Halikuwa na kifuniko. Njiwa walikuwa wamelifanya lao.

Manze, tulifurahi! Kichaa cha furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu. Tukanakili orodha vizuri, tukapiga mstari kwa rula, tukaipeleka kwa depyuti tukitarajia kupongezwa kwenye parade.

Aliisoma yote. Halafu akauliza swali moja: “Nani amewatuma?”

Tulitumwa nyumbani wiki mbili. Barua ilisema uchochezi. Mathe alifunga kibanda chake cha mboga, akapanda basi mpaka Ukambani, akaingia ofisini na kuuliza mtoto wake ameiba nini. Akajibiwa, “Hajaiba, mama. Amechochea.” Nyuma ya cheti changu kulikuwa na nambari ya simu ya wale wageni, tupige tukipata changamoto yoyote. Nilipiga mara tisa. Mteja hapatikani.

Tangi lilipata kifuniko muhula uliofuata. Hakuna aliyetuita kutuambia tulikuwa sahihi, na barua ya uchochezi iko kwenye faili yangu hadi leo.

Nimekuwa nikifikiria swali la depyuti kwa miaka minane sasa, na nimeona kwamba lilikuwa swali zuri. Nani alitutuma? Tulitumwa na wale wa gari jeupe, lakini walitutuma nje tu, kwa mama Kayole asiyejua kupima chumvi. Hawakututuma ndani, kwa mwenye shule. Ukimtuma mtoto kwa maskini unamwita balozi. Akienda kwa mwenye cheo, jina linabadilika. Hii ndiyo hila iliyoko katikati ya mafunzo mengi ya aina hii. Wanasema wanalea watetezi wa afya. Lakini kutetea maana yake kuna upande wa pili, kuna mtu unayemkabili. Kazi tuliyopewa ilikuwa ya kipaza sauti: kinasema kilichoingizwa, na hakiulizi kitu.

Aprili 2023, wakati nilikuwa nimeacha chuo miezi michache, habari za Mukumu zikatokea. Wasichana wa shule ya upili ya Mukumu, Kakamega, waliugua kwa wingi, baadhi yao wakafa, na mwalimu pia akafa. Shule ikafungwa. Wizara ya Afya ikaja kusema ni mchanganyiko wa bakteria, E. coli na ile ya homa ya matumbo, vitu vinavyoingia mwilini kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Kundi letu la WhatsApp la wale watano, lililokuwa limelala mwaka mzima, liliamka usiku huo. Mmoja akaandika tu, “Orodha.” Hakuna aliyehitaji maelezo. Sijui nani Mukumu aliona nini na akamwambia nani. Ninachojua ni kwamba katika shule yoyote ya bweni, wa kwanza kujua maji yana shida ni wale wanaoyanywa, na kama kusema ni kosa, tutaendelea kupata habari kutoka mochari.

Sasa tuangalie yaliyomo kwenye hayo mafunzo, maana hapo pia kuna jambo. Karibu kila somo linaanza na kitenzi cha kumwamrisha mtu mmoja: nawa, chemsha, lala kwenye neti, jizuie. Hakuna somo linalouliza maji ya kunawa yanatoka wapi na nani ameyafunga. Kwenye ploti yetu mfereji ukikauka tunanunua maji kwa mtungi. Mama mwenye watoto wanne akishapikia na kufulia, hayo ya kunawa sekunde 20 anayatoa wapi? Anajua mikono michafu inaleta ugonjwa. Alijua kabla hujazaliwa. Ukimpelekea mtoto wa jirani amweleze tena, unamwambia kwa adabu kwamba kuhara kwa mwanawe ni ujinga wake.

Au chukua hedhi. Tulikaa saa mbili holini tukifunzwa kubadilisha pedi kila baada ya saa kadhaa. Wasichana wengine walikuwa wanatumia vipande vya godoro. Juni 2017, mwaka mmoja kabla ya mafunzo hayo, rais alikuwa ametia sahihi marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi yanayoitaka serikali impe pedi za bure, bora na za kutosha kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma. Hakuna aliyetutajia sheria hiyo. Shule yetu ilikuwa ya umma! Tungefunzwa sentensi hiyo moja, tungejua kwamba pedi si hisani ya mfadhili anayekuja na kamera, ni deni. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka malalamiko kwa mamlaka za umma. Kila mtu. Hakuna mahali pameandikwa “isipokuwa aliye kwenye yunifomu.”

Lakini nikisimama hapa kama mtu safi nitakuwa mwongo, kwa hivyo acha nitoe na langu.

Chuoni nilikuwa nasomea afya ya jamii. Niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Tangu hapo naishi kwa kuandika: tovuti za mahoteli, hotuba za harusi, wasifu wa watu waliokufa. Mwaka 2024 nilipata kazi ya shirika moja linalofunza wanafunzi wa sekondari kuwa watetezi wa afya mitaani. Walitaka hadithi ya mafanikio, maneno 600, shilingi 3,000. Nilienda kumhoji msichana wa Kidato cha Tatu. Alikuwa mkali kama wembe. Aliniambia amewashawishi akina mama sita kupeleka watoto chanjo. Halafu akasema, “Lakini wawili walirudishwa, wakaambiwa chanjo imeisha. Sasa wananiuliza mimi. Mimi nifanye nini, dada?”

Niliandika yote. Aliyenipa kazi akafuta hiyo sehemu ya pili, akaniambia niweke kitu cha kutia moyo. Nilikuwa na deni la nyumba. Nikaandika kwamba binti huyo ana ndoto ya kuwa daktari. Hakuniambia hivyo. Aliniambia anataka kuwa fundi wa umeme.

Hadithi ilitoka na picha yake akitabasamu, na swali lake halikujibiwa na mtu. Kama unasoma ripoti za mafunzo haya na kila mtoto ndani yake anataka kuwa daktari, jua kuna mtu kama mimi aliyelipwa.

Kuna pia suala la jasho. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa. Kila mmoja anakadiriwa kuhudumia nyumba kama 100, na malipo yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Uliza yeyote unayemjua kama pesa hizo huingia kwa wakati. Sasa mtu akiona hata hiyo 5,000 ni nzito, atatafuta mkono wa bei rahisi zaidi, na hakuna mkono rahisi kama wa mwanafunzi. Huyo unamlipa fulana.

Hofu hii si ya kinadharia. Mtaala mpya umeleta somo la huduma kwa jamii katika sekondari ya juu, na kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeanza Januari hii ya 2026. Ni wazo zuri, nimelisubiri maisha yangu yote. Lakini naliona linavyoweza kwenda: shule itaandikisha watoto, kaunti itapumua, na kijana wa miaka kumi na tano atapelekwa nyumba kwa nyumba kuziba pengo la mtu aliyestahili kuajiriwa. Mwanafunzi aelimishe, aone, aandike, aulize. Kumhudumia mgonjwa mpaka apone ni kazi ya mtu mwenye mshahara.

Na siri je? Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 Kenya wamewahi kushika mimba. Ukimvalisha msichana fulana ya balozi wa afya, wenzake watamjia usiku bwenini. Nilijiwa. Msichana wa Kidato cha Kwanza aliniambia ni mjomba wake. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilichofunzwa holini ni “jizuie.” Nilimshika mkono tukalia. Nilijua mwalimu wa ushauri ana mdomo mpana, na ile nambari ya simu haishikwi. Muhula uliofuata hakurudi. Hilo silisamehe. Kumfungulia mtoto mlango wa maumivu ya wenzake bila kumpa mtu mzima mmoja wa kumkabidhi ni ukatili, hata kama ulileta soda.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

Mtasema nidhamu itaporomoka, ati ukiwapa wanafunzi kalamu ya kukagua jikoni kesho wataitisha mgomo. Buda, migomo tayari ipo, na hakuna aliyewafunza kuandika orodha. Mwanafunzi anayejua pa kupeleka malalamiko yake, na anayejua atajibiwa, ana sababu chache zaidi za kuokota jiwe. Sisi watano hatukuvunja kioo. Tulipiga mstari kwa rula.

Mtasema hawa ni watoto, hawaelewi bajeti na siasa za kaunti. Lakini mnawaona wamekomaa vya kutosha kumweleza mama wa watoto watano kuhusu uzazi wa mpango. Chagueni moja.

Mtasema shirika likianza kugombana na maprinsipali halitaruhusiwa tena kuingia shuleni. Hili nakubali ni kweli, na ndiyo maana naandika. Mnalinda mlango wenu wa kuingilia, halafu mnamwacha mtoto ndani na kuondoka na gari.

Azimio la Alma-Ata la 1978 lilisema watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kupanga limetajwa kabla ya kutekeleza. Miaka karibu hamsini baadaye bado tunawapa vijana kutekeleza tu.

Kwa hivyo mkitaka kufunza, funzeni. Ila anzeni hivi.

Somo la kwanza liwe shule yenyewe. Kabla mtoto hajatumwa kijijini, akague vyoo, matangi na jikoni la pale anapolala, na ripoti isomwe mbele ya bodi na wazazi. Shule inayokataa hilo isipewe mafunzo, wala picha.

Pili, prinsipali atie sahihi mbele ya wanafunzi kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kuripoti jambo la afya. Nakala ibaki kwa wanafunzi.

Tatu, kila kikundi kiunganishwe na bwana afya wa eneo hilo na wahamasishaji wa jamii wa hapo, watu wenye sura, waje shuleni wajulikane. Afya ilishapelekwa kwa kaunti na Katiba ya 2010, kwa hivyo mtoto afunzwe pia kaunti yake inapanga bajeti lini na wananchi wanatoa maoni wapi. Huko ndiko chanjo “inakoisha.”

Nne, awepo mtu mzima aliyesomea kazi hiyo wa kukabidhiwa kesi nzito, na simu yake ishikwe hata mradi ukiisha. Kama hamwezi kulipia simu moja, msimfungulie mtoto mlango huo.

Tano, mkiandika hadithi yake, mwandike alichosema. Akitaka kuwa fundi wa umeme, ni fundi wa umeme.

Dada yangu mdogo ameingia Gredi ya 10 mwaka huu, bweni pia. Wiki iliyopita alinipigia kwa simu ya mwalimu akiwa na furaha tele: amechaguliwa klabu ya afya, watafunzwa wikendi mbili, watapewa fulana. Akaniuliza kama akubali. Mathe alikuwa hapo kando akipangusa, ile fulana mkononi, akaniangalia.

Nilimwambia akubali. Nikamwambia asikilize vizuri kipimo cha chumvi na sukari, akihifadhi kichwani, kuna usiku atakihitaji. Nikamwambia achukue jina kamili la anayemfunza na ofisi yake iko wapi. Halafu nikamwambia siku atakapoandika orodha yoyote, aandike mbili, moja aitume nyumbani kabla hajaenda ofisini.

“Kwa nini mbili?” akauliza.

Mathe akaniwahi, akainama kwenye simu. “Ili nikija huko,” akasema, “nije nayo.”